Nani Alifungua Faili Langu?

Kuna watu wa Moshi wanaochukulia dawa zao Arusha, na kuna wa Arusha wanaopanda Coaster alfajiri kwenda kuchukulia Moshi. Wanapishana njiani, pengine Boma Ng'ombe, pengine Kikatiti, kila mmoja akiwakimbia majirani zake. CTC, kliniki ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ipo jirani na kwake, dawa ni zile zile na hazilipiwi. Anachokinunua kwa nauli ya kilometa 80 hivi ni kutokutana na shemeji yake kwenye benchi, wala kumkuta dirishani binti wa mama wanayeimba naye kwaya. Wahudumu wa afya wanalijua jambo hili na hulitaja kama tatizo la unyanyapaa. Ni kweli, lakini mimi naliona pia kama usimamizi wa hatari, unaofanywa na mtu ambaye hana kamati, hana bajeti, wala hajawahi kuitwa kwenye semina.

Mfumo wa kielektroniki wa kumbukumbu za wagonjwa unakuja kuufuta umbali huo. Ndiyo kazi yake. KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, imekuwa ikipokea wagonjwa wa rufaa tangu 1971, kutoka Kilimanjaro, Arusha, Manyara, Tanga. Mgonjwa anaweza kufika pale kutoka Babati au Same na barua iliyokunjwa mara nne, picha za eksirei ndani ya bahasha kubwa, na maelezo kwamba anameza "vidonge vyeupe, vile vya asubuhi." Daktari anaanza upya: vipimo upya, gharama upya, siku mbili zimepotea. Kama rekodi yake ingefunguka palepale, na dawa zake zote, na ule mzio wa penisilini ulioandikwa miaka sita iliyopita kwenye zahanati ya kijijini, maisha yangeokolewa. Sibishani na hilo, na sina hamu ya kurudi kwenye makabati yenye mchwa.

Ila faili la karatasi lilikuwa na ulinzi ambao hakuna aliyeupanga: lilikuwa zito na jeuri. Ulitaka kulisoma la mtu mwingine? Inabidi utoke wodini, ushuke mpaka masjala, umkute mzee wa masjala, umpe namba, akuulize unalitakia nini, alitafute nusu saa. Umbea wa namna hiyo una gharama, na wengi wetu ni wambea wavivu. Kwenye kompyuta ni herufi tano na kubofya mara moja. Umbali aliofutiwa daktari wa dharura, shemeji naye amefutiwa.

Tunapozungumzia usalama wa mifumo hii, mazungumzo hukimbilia haraka kwa wadukuzi wa mbali. Si hadithi za kutunga. Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry iliziyumbisha hospitali za Uingereza, Mei 2021 huduma ya afya ya Ireland ililazimika kuzima mifumo yake karibu yote, na Juni 2024 maabara za taifa za Afrika Kusini zilivamiwa. Hilo la mwisho nitalirudia, kwa sababu lina funzo la kiufundi ambalo halina gharama kubwa. Lakini yule abiria wa Coaster hamwogopi mdukuzi wa Urusi. Mtu wa Urusi hamjui, na hata akimjua hana wa kumhadithia Majengo au Ngarenaro. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hospitalini nguo yenyewe ni nyeupe: mtu aliyeajiriwa kihalali, mwenye paswedi halali, anayefungua faili ambalo halimhusu.

Kesi inayolieleza jambo hili vizuri kuliko zote inatoka Finland. Muuguzi mmoja alikuwa akifanya kazi kwa mikataba katika kliniki ya macho ya hospitali ya umma, kuanzia 1989. Alikuwa anaishi na virusi vya UKIMWI, na alikuwa akitibiwa katika hospitali hiyo hiyo, kliniki nyingine. Mwanzoni mwa 1992 akaanza kuhisi wenzake wanajua. Wakati ule wafanyakazi waliweza kufungua rejesta ya wagonjwa bila kizuizi chochote. Alipolalamika wakaweka kizuizi, lakini maji yalikuwa yameshamwagika, na mwaka 1995 mkataba wake haukuongezwa. Akaomba kitu kimoja: aambiwe ni nani waliolifungua faili lake. Hospitali ikamjibu kwamba haiwezekani kujua. Mfumo ulikuwa ukihifadhi mara tano tu za mwisho faili lilipofunguliwa, tena ukitaja kitengo na si mtu, na hata hayo yalifutwa faili liliporudishwa masjala.

Akashtaki, akashindwa katika mahakama za kwao. Hakuweza kuthibitisha kwamba kuna aliyesoma, na angethibitishaje, wakati ushahidi pekee ulikuwa mikononi mwa hospitali iliyokuwa haiutunzi? Julai 17, 2008 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikampa haki. Hoja yake ndiyo ninayotaka tuibebe: haitoshi kumwambia mgonjwa kwamba akidhurika anaweza kudai fidia. Hospitali inatakiwa iwe imeweka mpango unaozuia usomaji usio na sababu tangu mwanzo, na inayoshindwa kuonyesha nani alifungua nini haijamlinda mtu yeyote.

Tazama sasa hali za vituo vyetu, na ninaposema vituo vyetu sina kimoja ninachokilenga. Chumba kimoja, kompyuta moja, watumishi wanne wanaopishana. Mfumo unachukua muda kufunguka. Muuguzi wa zamu ya asubuhi ameingia kwa jina lake saa moja na nusu, na hadi saa nane mchana kila aliyeketi kwenye kiti kile amekuwa yeye. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo hana akaunti, maana ombi lake bado lipo ofisi ya TEHAMA, kwa hiyo anapewa ya daktari. Paswedi imeandikwa kwenye kipande cha plasta ya vidonda kilichobandikwa chini ya skrini. Ukimkaripia muuguzi huyo utakuwa umemwonea. Ana wagonjwa arobaini nje, na mfumo unaomfukuza kila baada ya dakika tano umemlazimisha achague kati ya sera na foleni. Atachagua foleni, nami ningekuwa mgonjwa wa arobaini ningemshukuru.

Lakini matokeo yake ni kwamba kumbukumbu ya mfumo inasema uongo. Inasema Nesi Fulani alifungua mafaili 212 leo, likiwemo la mbunge, likiwemo la mpangaji mwenzake. Siku likitokea la kutokea, Nesi Fulani ndiye atakayeitwa na kamati ya nidhamu, na mwenye kosa atakuwa kwenye kikao hicho akinywa maji ya chupa. Kwa hiyo kushirikiana paswedi hakumhatarishi mgonjwa peke yake. Wauguzi wangeambiwa hivyo, kwa lugha hiyo, nadhani plasta zingebanduka zenyewe.

Tatizo hili si la umaskini wetu. Mwaka 2018 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Ureno iliitoza faini ya yuro 400,000 hospitali moja ya Barreiro, ng'ambo ya mto kutoka Lisbon. Walikuta akaunti 985 zenye ruhusa za daktari kwenye mfumo. Madaktari walioajiriwa walikuwa 296. Hizo nyingine ni za waliohama, za waliokuja kwa muda, za watu wasiokuwa madaktari waliopewa ruhusa hiyo ili kazi iende. Mganga mfawidhi yeyote wa Arusha au Moshi anaweza kufanya hesabu hiyo kesho asubuhi kabla ya chai: akaunti ngapi, watumishi wangapi. Haihitaji mshauri mwelekezi.

Nije kwenye kinachoniudhi zaidi. Hospitali nyingi zilipokaribisha mifumo hii, kilichozivutia kilikuwa mapato. Dirisha la fedha lilikuwa linavuja, watu wanapokea hela bila risiti, dawa zinatoka bila kulipiwa. GoTHOMIS, mfumo wa serikali wa kuendeshea vituo vya afya, na mifumo mingine ikafunga mianya hiyo, na kila anayesimamia kituo atakusimulia kwa furaha jinsi makusanyo yalivyopanda. Leo shilingi 5,000 ikipotea, kabla ya jua kuzama imeshajulikana ilipokelewa na nani, saa ngapi, kwa risiti namba ngapi. Ripoti inachapishwa, mhasibu anaitwa. Mifumo mingi ina uwezo wa kulifanyia jambo hilo hilo faili la mgonjwa, kwa kuandika nani alifungua, lini, ukurasa upi. Kinachokosekana ni mtu ambaye kazi yake ni kuangalia, na mkubwa anayemuuliza ameona nini. Tumeilinda fedha ya mgonjwa kwa uangalifu ambao hatujaupeleka kwenye siri yake.

Estonia walienda hatua moja mbele. Mfumo wao wa taifa ulianza mwaka 2008, na mwananchi anaweza kuingia mwenyewe na kuona ni mhudumu gani aliifungua rekodi yake. Inaonekana jambo dogo, lakini linageuza mambo. Mgonjwa haombwi tena aamini kwa sababu hospitali ni ya dini au daktari ni mpole. Anakagua. Na daktari anayejua kwamba jirani yake atakuja kuona jina lake kwenye orodha hiyo hufikiri mara mbili kabla ya kubofya. Kwetu si lazima tusubiri kila mtu awe na simu janja. Karatasi moja iliyochapishwa, anayoipewa mgonjwa akiiomba pale mapokezi, ingefanya kazi hiyo hiyo.

Najua pingamizi litakalokuja: ukifunga milango, mgonjwa wa dharura atafia mapokezi akisubiri ruhusa. Hapana. Mfumo mzuri humfungulia daktari wa dharura papo hapo, ila unamuuliza sababu kwa sentensi moja na kulihifadhi jibu. Sentensi hizo zisomwe kila wiki na mtu asiyetoka ofisi ya TEHAMA. Mimi ningempa muuguzi mkuu wa hospitali, kwa sababu anajua nani alikuwa wodi gani na hatadanganywa kirahisi.

Siri inavuja pia pasipo mtu yeyote kufungua faili. Kituo kinajivunia kwamba sasa kinatuma ujumbe mfupi: kliniki yako ni Jumanne, usikose. Kwa nani? Kwa namba iliyoandikwa siku ya kujiandikisha. Ukipanda kuelekea Monduli au Longido utakuta mama ambaye namba aliyoitoa ni ya mume, au ya kijana wa dukani anayemsomea. Ujumbe wenye jina la kliniki ukitua kwenye simu ile, umeshatangazwa bomani. Dawa yake ni kumuuliza mgonjwa maswali mawili wakati wa kumwandikisha: simu hii ni ya nani, na tukikutumia ujumbe tuandike nini? Wapo watakaosema msiniandikie kabisa, nitakuja mwenyewe. Mfumo uwe na kisanduku cha jibu hilo.

Kuna na WhatsApp. Daktari kijana kwenye kituo cha afya cha pembezoni ana picha ya eksirei inayomtisha. Bingwa yupo Moshi. Anaipiga picha kwa simu yake, jina la mgonjwa likiwa pale kona ya juu, anaitupa kwenye kundi lenye watu mia na kitu, na ndani ya dakika kumi ana ushauri mzuri kuliko ambao barua ya rufaa ingemletea kwa wiki. Siwezi kumlaani. Lakini picha ile sasa ipo kwenye simu zaidi ya mia, nyingine wanachezea watoto, nyingine zitauzwa mtumba. Kupiga marufuku ni kujidanganya mpaka pale mfumo rasmi utakapoweza kumpa bingwa picha hiyo kwa kasi ileile. Kwa sasa angalau wafunike jina kwa kidole kabla ya kupiga picha. Ni ulinzi wa kienyeji, lakini unafanya kazi.

Imani haivunjwi na siri iliyovuja tu. Inavunjwa pia na mgonjwa kusomewa majibu ya mtu mwingine. Arusha ukiita "Mollel!" kwenye benchi la wagonjwa watainuka watatu, na Moshi jaribu "Mushi" au "Massawe". Majina ya kwanza nayo yanajirudia, Neema juu ya Neema. Tarehe ya kuzaliwa ingesaidia, lakini bibi anajua alizaliwa mwaka wa njaa fulani, na kisanduku hakikubali kubaki wazi, basi mtu wa mapokezi anamwandikia Januari 1. Ukiwa na mabibi ishirini wa Januari 1, tarehe haitofautishi tena kitu. Hapo yanazaliwa makosa ya aina mbili: mtu mmoja mwenye mafaili mawili, mzio wake ukiwa kwenye lile ambalo halijafunguliwa, na watu wawili ndani ya faili moja. La pili ndilo baya zaidi, kwa sababu linaonekana limekamilika. Jina la mama, kijiji na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) kwa aliye nayo hupunguza mkanganyiko. Muuguzi anayeuliza "jina lako kamili ni nani?" badala ya "wewe ndiye Neema?" hupunguza zaidi. Mgonjwa aliyechoka huitikia jina lolote.

Na kosa likigundulika lisifutwe. Kwenye karatasi kanuni ilikuwa mstari mmoja juu ya neno lililokosewa, sahihi, tarehe, ili anayekuja baadaye aone kilichokuwepo. Mfumo unaomruhusu mtu kuandika juu ya maandishi ya jana bila kuacha alama hautufai, hata kama skrini yake inapendeza.

Kuhusu mfumo kuzimika, nitakuwa mfupi, maana kila mtu ameshaambiwa "mtandao hausomi" na kurudishwa nyumbani. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikayumba katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Mwishoni mwa Oktoba 2025 ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Kituo ambacho seva yake ipo ndani ya jengo huweza kuendelea siku kama hizo, umeme ukiwepo. Kinachotegemea seva ya mbali husimama. Lakini seva ya jengoni nayo mara nyingi hukaa kwenye stoo yenye kufuli, ufunguo anao afisa TEHAMA, na afisa amesafiri. Na nakala ya akiba? Hapa ndipo funzo la Afrika Kusini linapokuja: wavamizi wa Juni 2024 walifuta sehemu za mfumo wa maabara za taifa pamoja na nakala za akiba, na majibu ya haraka yakawa yanatolewa kwa simu. Nakala iliyounganishwa na mashine ileile muda wote itakufa nayo. Diski ya nje inayochomolewa na kufungiwa kabatini haigharimu mamilioni. Na vile vitabu vya MTUHA, vya kuandikia taarifa za wagonjwa kwa mkono, ambavyo kila mwaka tunaambiwa vinakaribia kustaafu, viendelee kuwepo mezani.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti, na mwenye taarifa ana haki ya kujua zinatumikaje. Sheria ya UKIMWI ya 2008 nayo ilishaagiza usiri wa majibu ya vipimo miaka mingi kabla. Kinachobaki ni kuona kama haki hiyo inafika mpaka kwenye dirisha la mapokezi. Nina shaka. Mgonjwa akiuliza leo nani alifungua faili lake, nadhani ataulizwa kwanza yeye ni nani na ametumwa na nani.

Ndiyo maana sielekezi macho kwa mgonjwa. Ninayaelekeza kwa bodi za hospitali na kamati za vituo, zinazokaa kila baada ya miezi mitatu na kuletewa taarifa ya mapato hadi senti ya mwisho. Ajenda iongezwe karatasi moja ya pili: akaunti zilizopo na watumishi waliopo, mafaili yaliyofunguliwa na watu wasiokuwa zamu, mafaili ya watumishi wenyewe yaliyofunguliwa na wenzao, wagonjwa waliouliza na majibu waliyopewa. Mara ya kwanza karatasi hiyo itakuja tupu, na afisa TEHAMA atasema mfumo hautoi ripoti ya namna hiyo. Mwenyekiti amwambie mkataba na mwenye programu unaisha lini, na kwamba malipo ya awamu inayofuata yatasubiri ripoti hiyo.